Ndugu Anabadilisha Ndege Dar: Namna ya Kuukusanya Ukoo kwa Masaa Machache

Ujumbe wa aina hii huingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo bila hodi: "Jamani, Alhamisi napita Dar, nabadilisha ndege, nina masaa saba hapo." Baada ya dakika tano kundi zima limechangamka. Shangazi wa Mbagala anataka kupika, mjomba wa Tegeta anasema mgeni afikie kwake, binamu wawili wanagombea nani aende kumpokea. Wakati huo bado hakuna aliyejua kama huyo mgeni anaruhusiwa kutoka nje ya uwanja.

Mikusanyiko hii ni mizuri kuliko mingi inayopangwa kwa miezi, kwa sababu kila mtu anakuja kwa hamu na hakuna muda wa kuchokana. Inapoharibika, huwa sababu ni ileile: ukoo umempangia mgeni ratiba ya mtu aliyekuja likizo. Mtu aliye kati ya ndege mbili hasogezwi mjini. Ukoo ndio unaosogea kuelekea uwanjani. Ukilishika hilo, mambo mengine yote yanajipanga nyuma yake.

Omba picha ya tiketi

Usikubali maelezo ya mdomo. Omba picha ya tiketi yenyewe, yenye namba za ndege zote mbili, saa na tarehe.

Saa kwanza, maana hapa ndipo watu wengi wanapotegwa. Tiketi inaandika saa za uwanja husika kwa mfumo wa masaa 24, na sisi tunazisoma kwa saa zetu. 14:30 ni saa nane na nusu mchana. 19:20 ni saa moja na dakika ishirini usiku. Hizo hazisumbui sana. Hatari iko kwenye ndege za usiku wa manane, kwa kuwa tiketi inabadilisha tarehe saa sita usiku. Tiketi ikisema Alhamisi 01:30, maana yake ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia Alhamisi. Yaani Jumatano baada ya chakula cha jioni mnatakiwa muwe barabarani. Kuna koo zimekwenda uwanjani na maua siku nzima baada ya mgeni kupita. Kwenye kundi andikeni hivyo hivyo, "usiku wa kuamkia Alhamisi", msiandike "Alhamisi usiku".

Pili, angalia kama ndege inasimama tu au mgeni anashuka. Baadhi ya ndege za masafa marefu hugusa Kilimanjaro au Zanzibar kabla ya kuja Dar, au hupita Dar kuendelea mbele, na abiria wanaoendelea hubaki kwenye viti vyao. Namba ya ndege ikiwa ileile kabla na baada ya Dar, na muda ukiwa saa moja au moja na nusu, hapo hakuna mkusanyiko. Mpigieni simu ya video mkiwa mmekaa pamoja.

Tatu, tiketi ni moja au mbili? Kama ni moja, kwa kawaida mabegi makubwa yanaandikwa hadi mwisho wa safari naye anatoka na mkoba wa mkononi tu. Kama amenunua tiketi mbili tofauti, ni lazima apite uhamiaji, achukue mabegi, kisha ayapeleke upya kwenye kaunta ya shirika la pili. Kaunta za safari za kimataifa hufunguliwa masaa matatu hivi kabla ya ndege kuondoka, na mashirika mengi huzifunga ikibaki saa moja. Shirika la pili halimwonei mtu huruma: ndege ya kwanza ikichelewa, tiketi ya pili imekwenda na maji.

Nne, pasi ya kusafiria. Mwenye pasi ya Tanzania hana shida. Raia wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi hawahitaji viza. Lakini ndugu aliyechukua uraia wa Uingereza, Kanada au Marekani, hata kama kitovu chake kimezikwa Temeke, mezani kwa afisa ni mgeni, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Akitaka kutoka nje ya uwanja, kwa kawaida anahitaji viza. Ipo ya kupita, isiyozidi siku 7, ambayo ada yake iliyozoeleka ni dola 30. Ya kawaida ni dola 50, na mwenye pasi ya Marekani hulipa dola 100. Inaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, visa.immigration.go.tz, na ni vizuri aombe siku kadhaa kabla. Wapo wanaoruhusiwa kuilipia uwanjani, ila foleni ya kulipia inakula dakika zilezile mlizotaka kukaa naye. Mgeni afanye uamuzi mwenyewe kama masaa manne yana thamani ya ada hiyo. Msimlazimishe.

Kama anatokea nchi yenye homa ya manjano, au amekaa zaidi ya masaa 12 kwenye uwanja wa nchi kama hiyo akiunganisha ndege, kadi ya chanjo iwe kwenye mkoba wa mkononi. Wengi huiacha ndani ya begi kubwa, ambalo wakati huo liko kwenye mkokoteni wa mizigo.

Mwisho, jengo gani? Safari za kimataifa zinatumia Jengo la 3, lililoanza kazi mwaka 2019. Safari za ndani za mashirika makubwa zimekuwa za Jengo la 2, na ndege ndogo za Mafia, Zanzibar na mbugani ni Jengo la 1, ambalo liko upande wake kabisa. Anayetoka Mwanza kwenda Guangzhou anashuka jengo moja na kupandia jingine, na kati yake anahitaji gari. Dereva aandikiwe jengo la kumpokea na jengo la kumrudisha.

Masaa saba si masaa saba

Tuchukue mfano wa mchana. Anatua saa nne na dakika arobaini asubuhi, anaondoka saa kumi na mbili na dakika kumi jioni. Kwenye karatasi ni masaa saba na nusu. Kutoka mlango wa ndege hadi nje mnapomsubiri, kwa kupita uhamiaji na forodha, hesabu saa nzima, na ndege mbili zikitua pamoja inaweza kuzidi. Saa tano na dakika arobaini yuko nje. Nyumba ikiwa karibu, saa sita kamili kavua viatu.

Sasa hesabu kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kuondoka. Kama ana pasi ya kupandia mkononi na mabegi yameandikwa hadi mwisho, awe mlangoni kwa ukaguzi wa kwanza masaa mawili kabla, yaani saa kumi na dakika kumi. Kama ana mabegi ya kukabidhi, masaa matatu. Kwa huyu wa kwanza, nyumba ikiwa dakika ishirini kutoka uwanjani, ongeza dakika ishirini za akiba: gari linaondoka saa tisa na nusu. Mmepata masaa matatu na nusu ya kukaa naye. Ni mengi na yanatosha.

Weka nyumba ileile Mbezi Beach. Saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi, akiba iongezeke maana njia ni ndefu. Mnabaki na saa moja, na hiyo saa moja mgeni anaikaa akitazama saa ya ukutani. Ndiyo maana mjomba wa Tegeta, pamoja na nyumba yake kubwa na sebule yake nzuri, hawezi kuwa mwenyeji wa siku hii. Mkusanyiko uwe kwa ndugu aliye Kipawa, Ukonga, Kiwalani au Segerea, hata kama amepanga vyumba viwili. Viti vinaazimwa kwa jirani. Dakika haziazimwi.

Kipimo changu ni hiki: chini ya masaa manne kati ya ndege mbili za kimataifa, asitoke kabisa. Kati ya manne na sita, atoke mkutane palepale karibu na uwanja, kwenye mgahawa au upande wa wanaowasili, wazee wakiwa wamekaa kwenye gari lenye kiyoyozi, kwa saa moja. Kuanzia sita na kuendelea, nyumba ya karibu. Safari za ndani hazina uhamiaji na kaunta zake hufungwa karibu zaidi na saa ya kuondoka, hivyo aliyetoka Mwanza kwenda Mtwara anaweza kufika Kipawa na kurudi hata kwa masaa manne. Na kumbuka kwamba asiye na tiketi haingii ukumbi wa kuondokea, kwa hiyo usipange maongezi ya mwisho yafanyike huko ndani.

Barabara

Uwanja uko kilomita 12 hivi kutoka katikati ya jiji, kwenye Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Asubuhi magari yanajaa kuelekea mjini, jioni yanajaa kutoka mjini kuelekea Gongo la Mboto. Hili ni jambo la kulizingatia sana: ndege ya usiku ina maana ya kumrudisha mgeni uwanjani pamoja na watu wote wanaorudi nyumbani kutoka kazini. Anayeondoka saa mbili usiku asivuke Tazara akitokea mjini baada ya saa kumi jioni. Daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018, limepunguza sana adha ya makutano hayo ya Tazara, lakini halifanyi lolote kwa foleni inayoanzia mbele yake. Aliye Kipawa au Ukonga hapitii Tazara kabisa, na hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Tabata na Segerea pia ni pazuri, kwa sharti mgeni asizungushwe Barabara ya Mandela, ambako malori ya bandarini yanaweza kuwashika kwa muda mrefu bila sababu inayoonekana. Kuna njia ya Majumba Sita kuingia Segerea. Ulizeni wenyeji wa huko ilivyo siku hiyo, hasa kama mvua imenyesha usiku. Kitunda kupitia Banana ni karibu kwa ramani, ila barabara ni nyembamba na gari moja likiharibika wote mmesimama.

Masika, Machi hadi Mei, hesabu yote iongezewe nusu. Bonde la Msimbazi likijaa, Jangwani hufungwa, na magari ya Morogoro Road yanatafuta njia nyingine, ambazo ndizo zenu. Halafu kuna misafara ya viongozi. Barabara ya Nyerere ndiyo njia yao ya uwanjani, na trafiki wakiisimamisha hakuna wa kumbembeleza. Siku ambayo kuna ugeni wa kitaifa mjini, akiba ya dakika ishirini iwe saa nzima.

Ndugu wanaotoka Kigamboni, Bunju na Mbagala waambiwe wafike kabla ya mgeni. Mtu anayesema "nitakuja nikitoka kazini" atakutana naye kwenye simu.

Wazee kwanza

Kuna jambo moja ambalo vijana wanaopanga huliruka, na linaacha kidonda. Kwa desturi, mgeni ndiye anayekwenda kumwamkia mkubwa. Kumwambia bibi wa Magomeni kwamba mjukuu amekuja na yeye ndiye apande gari kumfuata, kwa mwanawe mdogo wa Kipawa, si jambo la kutumiwa ujumbe. Apigiwe simu na mtu wa rika la kuheshimika, mtoto wake mkubwa kama yupo. "Shikamoo mama. Mjukuu wako anapita Alhamisi, ana masaa machache na ndege haimngoji. Tunaomba ruhusa yako tuje kukuchukua saa tatu, tukae wote Kipawa, yeye akuamkie huko." Akishaombwa hivyo, mara nyingi atajibu kwamba yuko tayari tangu jana.

Kama mzee ni mgonjwa na hawezi kutoka, hesabu inabadilika. Mgeni aende kwake moja kwa moja, na wengine wote wamfuate hukohuko. Nyumba mbili hazitoshi kwenye masaa matatu. Na kama mzee huyo yuko mbali mno, chagueni kati ya mzee peke yake au ukoo bila mzee, mkiwa mmemweleza mapema. Kujaribu vyote viwili ndiko kunakoachisha watu ndege.

Jambo jingine la wazee ni pole. Mtu aliyekaa nje miaka minne anarudi kwenye ukoo uliozika bila yeye. Tengeni dakika kumi mwanzoni, kabla ya sinia kushuka, mkubwa mmoja ataje waliotangulia na asome dua au sala. Mgeni akishatoa pole na kupewa pole, kifua kinafunguka na maongezi yanakuwa mepesi. Likiachwa, linakaa katikati ya chumba hadi mwisho, kisha linalipuka mlangoni wakati gari limeshawashwa. Makaburini hapafikiki siku hiyo.

Mambo ya mirathi, kiwanja na ada za shule yasiguswe. Simu zipo.

Ujumbe mmoja, msemaji mmoja

Mtu mmoja ndiye awe anawasiliana na mgeni. Watu kumi na wanane wakimpigia akiwa kwenye foleni ya uhamiaji, simu itazima chaji, na hamtampata tena hadi atoke. Huyo msemaji pia ndiye anayefuatilia ndege kwenye Flightradar24, ambako namba ya ndege inaonyesha imefika wapi na inatarajiwa kutua saa ngapi. Ujumbe wa kundi uandikwe mara moja, ukamilike:

"Shikamooni wakubwa, habari zenu wote. Mwenzetu anatua Alhamisi saa 4:40 asubuhi, anaondoka saa 12:10 jioni. Tunakutana kwa baba mdogo Kipawa, tufike kabla ya saa 5:30. Dua saa 6:10, picha, kisha chakula saa 6:30. Gari la uwanjani linaondoka saa 9:30 kamili. Mchango elfu kumi kila nyumba, pamoja na ya kutolea, leo kabla ya saa mbili usiku ili nyama inunuliwe."

Hayo maneno "pamoja na ya kutolea" yasiachwe. Nyumba kumi zikituma elfu kumi kavu, makato ya kutoa yanamwangukia mpishi, na mpishi ndiye mwenye kazi kubwa kuliko wote.

Chakula kifuate ndege

Saa ya kutua ndiyo inayochagua chakula. Anayefika alfajiri apewe supu, chapati na vitumbua. Wa mchana, pilau. Wa jioni, wali wa nazi na samaki, au mishkaki iliyochomwa palepale. Mwambieni msemaji wenu amuulize mgeni anachokitamani, maana mara nyingi jibu ni jepesi kuliko mlivyodhani: mchicha wa nazi, dagaa, ndizi nyama. Mtu ambaye hajala dagaa miaka minne haangalii kuku.

Kwa pilau ya watu 25, wakiwemo watoto: mchele kilo 3, nyama ya ng'ombe kilo 3, viazi mviringo kilo 2, vitunguu maji kilo 1, vitunguu saumu vichwa vitatu, tangawizi ya kutosha, mafuta karibu nusu lita, binzari nyembamba vijiko vinne vya chakula, pamoja na hiliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Sufuria iwe ya lita 15 au zaidi. Sufuria ndogo iliyojazwa hadi ukingoni hutoa pilau iliyoungua chini na mbichi juu, kwa sababu mvuke haupati nafasi ya kuzunguka. Kama hakuna kubwa, tumieni mbili za kati.

Nyama ichemshwe usiku uliotangulia na ilazwe kwenye friji na mchuzi wake. Huo ndio muda mkubwa kuliko yote kwenye pilau, na hauna haja ya kuwepo siku ya mgeni. Asubuhi ichemke tena vizuri. Mchuzi uhesabiwe kama sehemu ya maji: kwa mchele wa zamani vikombe viwili vya mchuzi na maji kwa kikombe kimoja cha mchele, kwa mchele mpya kikombe kimoja na nusu. Kosa la kawaida ni kupima maji kamili halafu kumimina na mchuzi juu yake, ndipo pilau inakuwa bokoboko. Muulize muuzaji kama mchele ni wa msimu huu.

Usianze kukaanga kwa kufuata saa ya tiketi. Anza ndege ikigusa ardhi. Msemaji akiandika "imetua", kitunguu kiingie kwenye mafuta. Kukaanga hadi kiwe cha kahawia, kuunga, kuweka mchele, kukauka na kupalia makaa juu ya mfuniko, yote kwa nyama iliyokwisha kuiva ni saa moja na robo hivi, karibu sawa na muda wa mgeni kutoka uwanjani na kufika. Ndege ikichelewa masaa mawili, chakula hakijaharibika kwa sababu hakijaanza. Wali uliopoa na kukaa vuguvugu masaa mengi hautiwi tumboni mwa mtu anayekwenda kukaa hewani masaa nane.

Kwa sababu hiyohiyo kachumbari ikatwe mwisho, nyanya zioshwe kwa maji safi, na maji ya kunywa yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Maharage na makande viachwe kwa siku nyingine: shinikizo la hewa ndani ya ndege ni dogo kuliko la hapa chini, gesi tumboni inatanuka, na abiria anateseka safari nzima. Pilipili iwe pembeni kwenye kibakuli.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unaweza kuisha katikati ya sufuria kubwa, kwa hiyo mkaa na jiko viwe tayari. Salio la umeme wa LUKU liangaliwe usiku, ndoo za maji zijazwe usiku.

Kabla ya chakula, mgeni aoge. Huenda kakaa kwenye kiti masaa kumi. Taulo safi, sabuni mpya, kandambili, na soketi ya kuchajia simu. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, kwa hiyo anayetoka China au nchi nyingi za Ulaya anahitaji adapta. Iwepo mezani. Akisema anataka kulala dakika ishirini, mwacheni alale, mtoto mmoja asimame mlangoni kuzuia wenzake.

Picha ipigwe mara tu baada ya dua, nje penye kivuli, wazee vitini, watoto mkekani. Picha za kuagana hutoka na watu nusu, kwani wengine wako jikoni na wengine wameshaondoka kuwahi foleni.

Mizigo ya kurudi

Mabegi yake makubwa hayako naye, kwa hiyo zawadi zote zinaingia kwenye mkoba wa mkononi, ambao mashirika mengi huupimia kati ya kilo 7 na 12 na tayari una vitu vyake. Doti mbili za kanga, korosho za kukaanga nusu kilo, karafuu, mdalasini, majani ya chai: hivyo vinatosha na havileti ubishi mwingi. Asali, samli, achari, mafuta ya nazi na pilipili ya kusaga ya majimaji vyote vinahesabika kama vimiminika, na kwenye ukaguzi chombo kisizidi mililita 100. Chupa ya asali ya Tabora itabaki kwenye pipa la uwanja.

Nyama na maziwa haviingii nchi za Umoja wa Ulaya, hata vikiwa vimekaushwa au kupikwa. Maembe yanadai cheti cha afya ya mimea, ila ndizi, nanasi, nazi na tende hazihitaji. Dagaa wakavu wa matumizi binafsi wanaruhusiwa huko, ila wafungwe mara tatu, la sivyo abiria wa jirani wataumia. Nchi nyingine zina masharti yao, na Australia ni wakali sana. Mifuko laini ya plastiki imepigwa marufuku hapa tangu Juni 2019, basi mfungieni kwenye kopo au kitambaa.

Na hili lisemwe mbele ya wote: mgeni habebi bahasha wala kifurushi ambacho hakukiona kikifungwa. Si cha rafiki wa binamu, si cha "dawa za mama wa jirani". Kesi za dawa za kulevya hapa nchini zinaweza kumfunga mtu maisha, na huko aendako si ajabu ikawa vivyo hivyo. Mkubwa mmoja akilitamka hili mapema, mgeni hatalazimika kumkatalia ndugu yake uso kwa uso.

Pasi na pasi ya kupandia vikae mwilini mwake muda wote, kwenye pochi ya kuvaa, visiwekwe juu ya kabati wala kwenye mkoba ambao watoto wanaubeba kwa furaha. Mkoba uingizwe kwenye gari kabla ya chakula. Dereva apewe chakula cha kwanza, gari lijazwe mafuta asubuhi na liegeshwe likiangalia barabarani, pasiwe na gari la mgeni mwingine nyuma yake. Mtu mmoja ashike saa, awe mtu ambaye wazee hawamgombezi. Saa tisa na robo anasimama na kusema imebaki robo. Kwaheri zote zinasemwa uani, na uwanjani wanakwenda dereva na mtu mmoja tu.

Huyo mmoja asiondoke uwanjani mara mgeni anapoingia. Akae hadi apate ujumbe kwamba amepita ukaguzi na uhamiaji, kwa sababu ndege inaweza kuahirishwa au jina likakosekana kwenye orodha. Ndege ikiahirishwa na tiketi ni moja, mgeni aanzie kaunta ya shirika, aulize ndege inayofuata na malazi, na apewe maandishi. Kama tiketi ni mbili, gharama ni yake, na hapo nyumba ya Kipawa inamlaza. Kwa hiyo sinia moja la pilau lifunikwe na liwekwe kwenye friji, na kitanda kisivuliwe shuka hadi ionekane kwenye Flightradar24 kwamba ndege imepaa.